Mwekundu Juu ya Kiwanda cha Magodoro

Dereva wa lori la magodoro aliingia kantini wakati wa chakula cha mchana, akanawa mikono, akapokea sahani yake ya wali na maharage, kisha akamwambia mpishi kwamba juzi, akiwa njiani kule nyanda za juu, alimwona mwanawe. Hajambo, alisema, anaendelea vizuri, ila amekuwa mwekundu.

Mpishi alikuwa ameshika upawa. Aliuliza kama amekonda.

"Kwa umbali ule siwezi kusema, mama," alijibu dereva. "Yuko juu mno. Lakini bega la kushoto bado analilaza vilevile. Ni yeye, huwezi kumkosea."

"Amesimama wapi?"

"Juu ya wingu. Hili wingu letu la hapa, linalojikusanya kila jioni. Niongezee maharage kidogo, mama."

Mpishi akamwongezea. Nyuma ya dereva foleni ilikuwa ndefu, na watu wa idara ya povu hawana subira wakiwa na njaa, kwa hiyo aliendelea kupakua mpaka sufuria likabaki na ukoko. Hapo ndipo alipogeuza kreti la soda, akalikalia, akalia. Hakulia kwa kushtuka. Alilia kwa hasira, kwa sababu tangu siku ya mazishi kila mtu alikuwa akimwambia kwamba mwanawe amepumzika, na kumbe wakati wote huo bado yuko kazini.

Kijana mwenyewe walizoea kumwita Ngazi, kwa urefu wake na kwa sababu hakuna aliyemwona kiwandani bila ngazi begani. Alikuwa kibarua wa idara ya umeme. Alianza akiwa kibarua, akaoteshwa ndevu na ukibarua, na kila mwaka aliambiwa kwamba majina ya wa kudumu yako ofisi kuu yanashughulikiwa. Ngazi ile ya chuma ndiyo iliyomlaza bega la kushoto. Mama yake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto jioni, akimwambia abadilishe bega, naye akimjibu kwamba bega la kulia analiwekea akiba ya kuoa.

Kiwanda kilikuwa na mlingoti wa kukinga radi, mrefu kupita bomba la moshi. Ulikuwa wa lazima. Godoro likishika moto halizimwi, huombewa dua tu, na pale magodoro yalipangwa mpaka darini. Kutoka kileleni mwa mlingoti waya wa shaba ulishuka hadi ardhini, ili radi ikija ipite humo, iingie udongoni, iwaache watu na kazi zao. Huo ndio waya wa ethi. Kila mwaka mkaguzi alikuja na kipimo chake kuangalia kama waya bado una njia ya kufika udongoni.

Shida ni kwamba udongo wa pale ulikuwa mkavu na wa changarawe, na mshale wa kipimo haukuupenda. Dawa ya kweli ilikuwa kuchimba chini sana na kulaza shaba mpya. Dawa nyingine ilikuwa chumvi. Unakoroga chumvi na maji, unamwagia pale waya unapozama, na kabla mkaguzi hajamaliza chai yake mshale unasema ndiyo. Ni ujanja wa mafundi wa siku nyingi, na unafanya kazi vizuri kabisa kwa siku moja. Baada ya hapo mvua huosha chumvi, na ile inayobaki huitafuna shaba polepole.

Chumvi yenyewe ilitoka kantini. Fundi mkuu wa umeme alikuja na toroli, akapakia magunia, akaondoka akipiga mluzi. Wiki ile maharage yalipikwa bila chumvi na mpishi ndiye aliyetukanwa. Wafanyakazi wa kiwanda kile walijua ukaguzi umefika kwa ladha ya maharage.

Ngazi alimwambia fundi mkuu kwamba waya umeliwa, umebaki mwembamba kama uzi wa kushonea. Fundi mkuu akamjibu kwamba ameajiriwa kubeba ngazi, si kubeba mawazo. Ngazi akamweleza mama yake hayo jioni ile wakati wa kukandwa, akacheka, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa tamu. Mama yake hakucheka.

Mvua za mwisho za mwaka ule, mlango wa chuma wa ghala ulikuwa ukigongagonga kwa upepo na kumsumbua meneja kwenye simu. Ngazi akatumwa akaufunge. Radi ikaja, ikashuka kwenye mlingoti kama ilivyoelekezwa, ikafika chini ikakuta njia imekatika. Ikatazama kulia na kushoto, ikaona kijana mrefu, kalowa, kashika chuma kwa mikono miwili. Ikaingia kwake.

Meneja alikuja mazikoni na hotuba. Alisema radi ni kazi ya Mungu na hakuna wa kulaumiwa. Mpishi alisimama pale na kitenge chake kimefungwa kiunoni, akijua kwamba Mungu hajawahi kuja kantini na toroli. Alinyamaza kwa sababu mbele ya kaburi mtu hagombani. Kampuni ikatoa rambirambi ya godoro moja, la inchi nane, lenye kasoro ndogo ya kitambaa upande wa miguuni.

Siku yake ya mapumziko mpishi alipanda lori pamoja na dereva kwenda kumwona mwanawe. Walipanda mlima mpaka masikio yakaziba. Mji wa kule juu ulikuwa mdogo na wa baridi, na mwisho wa barabara yake kulikuwa na kituo cha kupima hali ya hewa: chumba kimoja, dirisha moja kubwa, kamera juu ya miguu mitatu, jiko la mafuta ya taa na sweta limetundikwa msumarini. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpokea begi, akamvutia kiti mbele ya dirisha.

"Karibu, dada," alisema. "Nilijua mtu wake atakuja tu. Nilishamwekea kiti."

Wakati wanangoja wingu, alimweleza. Alieleza bila kujigamba, akimenya viazi vyake vya jioni.

"Radi nyingi ni ndogo. Inashuka, inakwisha. Lakini ipo ile kubwa, inayoteremsha chaji yote ya wingu kwa mpigo mmoja. Ikishashuka, hewa ya juu kabisa, mbali sana kupita ndege zinakoruka, inabaki imevutwa pande zote kama shuka linalokamuliwa. Mwisho inaachia, na inapoachia inawaka. Hewa ni hii hii tunayovuta, naitrojeni, ila kule ni nyembamba, ndiyo maana inawaka nyekundu. Inakuwa na kichwa kipana na miguu inayoning'inia. Sisi hapa tunawaita wekundu. Kwa kawaida ukipepesa jicho, keshakwenda."

"Na huyu?"

"Huyu hajaenda. Tangu mvua za mwaka jana yuko palepale. Mchana jua linamfunika, jioni anaonekana."

"Mbona sisi kule kwetu hatumwoni?"

"Wekundu huonekana kwa mbali tu, dada. Aliye chini ya wingu analiona tumbo la wingu, basi."

Jua lilipoanza kushuka wingu lilisimama, mbali kule bondeni, limevimba juu ya kiwanda wasichoweza kukiona. Kilele chake kilitandazika. Juu yake, juu sana, palipokuwa na buluu inayokaribia weusi, Ngazi akaonekana. Kichwa kilikuwa kipana kuliko alichokuwa nacho, na kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa nyuzi tupu, lakini bega la kushoto lilikuwa limelala. Mama yake alilitambua kabla hajatambua kitu kingine.

Alikuwa na kazi nyingi. Kila radi iliyojiandaa kushuka ardhini, yeye aliinama, akaiita, nayo ikachomoka kileleni mwa wingu kama mshale wa buluu ikapanda hadi kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipitisha mwilini, akaitoa kichwani. Kila ilipopita alijikunja. Ndivyo alivyokuwa akijikunja utotoni akidungwa sindano, bila kulia, amefumba macho tu.

"Anaumia?" mama aliuliza.

"Hilo vyombo vyangu havipimi," alisema mpimaji. "Ninachojua ni kwamba tangu aanze, pale kwenu haijashuka radi hata moja. Zote anazipandisha yeye."

Mama akasogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. "Umekula?" alimuuliza mwanawe, kwa sauti ya kawaida. Dereva akatazama viatu vyake, na mpimaji akageukia viazi. Kule juu radi nyingine ilipanda.

Walipokunywa chai mama aliuliza swali alilokuja nalo, yaani atazimika lini. Mpimaji hakutaka kusema uongo.

"Mwekundu huzimika radi yake ikishafika ardhini ikatulia. Huyu radi yake haijafika mpaka leo. Ilifika kwake ikakwama. Mkiipa njia, waya mzima na udongo mzuri, itashuka, naye atapumzika."

Njiani kurudi dereva alimsimulia mpishi habari za matairi, akaona hasikilizwi, akaachana nazo. Damu ilikuwa ikimchemka mama wa watu. Waya tu, kumbe. Kipande cha shaba na siku moja ya kuchimba ndicho kilichomtenga mtoto wake na usingizi.

Kesho yake alivua aproni akaenda kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mwenye adabu; alisimama, akamwonyesha kiti, akaagiza chai ambayo mpishi mwenyewe ndiye aliyeichemsha asubuhi. Habari za Ngazi alikuwa nazo. Ofisi kuu ilikuwa na matawi kule nyanda za juu na picha zilishafika.

"Tunamthamini sana," alisema meneja. "Nakwambia kweli, mama. Tangu ameshika ile nafasi hatujapata hitilafu hata moja. Hata watu wa bima wamefurahi."

"Nataka mfunge waya mpya wa ethi ili ashuke."

Meneja aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama, unataka nimwachishe kazi kijana wako?"

"Nataka apumzike. Amekufa."

"Alipokuwa hai alikuwa kibarua," meneja alisema, na usoni alikuwa na huruma ya kweli, jambo lililozidi kuudhi. "Leo yuko pale kila siku, hakosi, hachelewi. Huyo kwangu ni mtu wa kudumu. Nikifunga waya, radi zitarudi chini. Zikirudi chini mimi nitawaambia nini ofisi kuu? Kwamba nilikuwa na mtu anayezizuia bure, nikamtoa?"

Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini hata wao sidhani kama walitegemea kwamba siku moja msemo huo utakaa nyuma ya meza, uvae tai na kuagiza chai. Mpishi aliondoka bila kuinywa. Alirudi jikoni akakata vitunguu vya watu wote wa kiwanda, na kwa siku ile ilikuwa heri, kwa sababu hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Nyumbani alibaki na mtoto mmoja, binti yake wa mwisho, waliyemwita Kitinda. Kitinda alikuwa amesoma umeme chuo cha ufundi na kufaulu, na tangu amalize alikuwa akitengeneza pasi na redio za majirani mlangoni, nao wakimlipa kwa shukrani. Kiwandani aliwahi kuomba kazi mara kadhaa. Waliangalia vyeti vyake, wakamsifu mwandiko, wakamwambia hakuna nafasi.

Mama alimweleza yote. Kitinda alisikiliza huku akikaza skrubu ya redio.

"Waya si kazi kubwa," alisema mwishowe. "Kazi ni kuupata. Shaba ghali."

Wote wawili wakatazama godoro la rambirambi. Lilikuwa bado limesimamishwa ukutani ndani ya nailoni yake, kwani hakuna aliyekuwa na moyo wa kulilalia. Wakaliuza siku ileile kwa jirani mwenye mgongo mbovu, ambaye aliikagua sana ile kasoro ya miguuni na kushusha bei. Wakanunua waya wa shaba na fimbo ya kuzamisha ardhini, vya mtumba lakini vizima.

Waliingia kiwandani Jumapili alasiri, mama kwa kitambulisho chake cha kantini, binti kwa kisingizio cha kumsaidia kuosha masufuria. Walianza kuchimba chini ya mlingoti. Udongo pale ulikuwa mweupe kwa chumvi na mgumu kama sakafu. Walichimba kwa zamu, mmoja akipiga sururu na mwingine akitoa mchanga kwa sufuria. Waya wa zamani Kitinda aliushika kwa vidole viwili tu ukamfuata mkononi, kijani, umeoza kama jino la mtu mzima. Alimwonyesha mama yake. Mama aliutazama waya uliomuua mwanawe na kuona jinsi ulivyokuwa kitu kidogo, akatamani kumpelekea fundi mkuu autafune.

Juu yao wingu la jioni lilikuwa limeshafunga, na hawakuona chochote isipokuwa tumbo lake la kijivu. Ila nywele za Kitinda zilianza kusimama moja moja.

"Kaka anatuona," alisema.

"Chimba, mwanangu. Anachoka."

Walikuwa wameshazamisha fimbo na kubakiza kuunganisha waya, kazi ya dakika chache, walinzi walipofika. Walikuja pamoja na fundi mkuu, aliyekuwa amevaa nguo za ibada. Hakufoka. Aliuliza nani amewapa kibali cha kugusa mali ya kampuni. Mama akamjibu matusi mazito ambayo hajawahi kuyasema maishani, yaliyohusu chumvi, toroli na mahali pa kuvitia vyote viwili, na walinzi, ambao walikula maharage yasiyo na chumvi kila ukaguzi, walitazama pembeni ili wasicheke. Kisha wakafanya walichotumwa. Waliing'oa fimbo, wakaukunja waya, wakaufungia stoo kama kidhibiti. Shimo lilifukiwa kwa udongo uleule wa chumvi.

Jumatatu mpishi aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Hakushtakiwa kwa kuchimba. Alishtakiwa kwa kumhujumu mfanyakazi mwenzake akiwa kazini. Alipouliza mfanyakazi huyo ni nani, walimtajia mwanawe, jina kamili, na mwenyekiti wa kamati akaongeza kwa upole kwamba kampuni ina wajibu wa kuwalinda watu wake. Aliachishwa kazi asubuhi hiyo. Aliruhusiwa kuchukua upawa wake, kwa kuwa alikuja nao kutoka nyumbani.

Ukaguzi wa mwaka ule ulifika na maharage yakabaki na chumvi yake. Mkaguzi alichomeka kipimo, mshale ukasema hapana. Meneja akamfungulia picha kutoka nyanda za juu. Mkaguzi alizitazama moja baada ya nyingine, akasifu ubora wa kamera, akauliza kama huyo bwana huwa anakwenda likizo. Akaambiwa haendi. Akapitisha.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Ofisi kuu ilielewa methali hiyo kuliko walivyokusudia walioitunga. Mwanzoni mwa mvua zilizofuata, upande wa pili wa mji, kampuni ilimaliza kujenga kiwanda kipya cha magodoro, kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza. Kilikuwa na mlingoti mrefu unaong'aa na mlango wa ghala wa chuma kizito, na getini palibandikwa tangazo. Anahitajika fundi umeme, mwenye afya njema, asiyeogopa mvua. Ajira ya kudumu.

Pembeni mwa tangazo walibandika na mchoro, kwa uwazi, ili mwombaji aone kabisa kituo chake cha kazi. Kila mwenye kujua kusoma michoro ya umeme angeusoma bila shida. Mstari ulitoka kileleni mwa mlingoti ukashuka vizuri hadi karibu na ardhi. Hapo, mahali ambapo huchorwa waya wa ethi, palichorwa mtu aliyeshika mlango.

Dereva ndiye aliyemletea mama habari. Alipita na lori nyumbani kwake, akamwambia kwamba Ngazi yuko, jana alikuwa na kazi nyingi sana na mwanga wake umepungua kidogo, halafu akakuna kichwa akasema kwamba getini kule kwenye kiwanda kipya kuna foleni ya watu, na kama hakukosea, Kitinda yumo.

Mama hakuvaa hata viatu vya kutokea. Alipanda lori na kandambili zake za bafuni.

Foleni ilianzia getini, ikapita ukuta wote, ikakunja kona. Walikuwa vijana wengi, safi, wamechana nywele, vyeti vimetiwa kwenye mifuko ya plastiki kwa ajili ya manyunyu. Wengine walikuwa wakielezana mchoro ule, wakibishana kistaarabu kama mlango huo unashikwa kwa mkono mmoja au miwili. Kitinda alikuwa karibu na mbele. Alikuwa amesuka upya, na amevaa blauzi ya mahafali.

"Toka hapo," mama alimwambia.

"Shikamoo, mama."

"Sitaki shikamoo yako. Toka."

"Mama, ni ya kudumu," Kitinda alisema kwa sauti ya chini, kwa kuona haya mbele za watu. "Tangu uachishwe tunakula kwa majirani. Wewe unajua. Na bima ya matibabu ipo, utatibiwa mgongo."

"Mchoro umeuona?"

"Nimeuona. Nimewasomea wenzangu."

"Na bado umesimama?"

Kitinda alitazama viatu vyake. "Tutakuwa karibu na kaka," alisema. "Tutagawana. Peke yake zinamzidi."

Hapo hasira yote aliyokuwa nayo mama, ya toroli, ya hotuba, ya chai ya meneja, ilimpanda kwa pamoja na haikupata mahali pengine pa kwenda. Alimzaba binti yake kofi, la kwanza tangu alipoota meno ya ukubwani. Kisha akamkumbatia palepale, akamvuta kwa nguvu nje ya mstari, huku akipiga kelele mbele ya lile geti kwamba hawatampata huyu, huyu hawampati, wakatafute kwao, wawaweke watoto wao, kina meneja nao si wana watoto? Walinzi walimsikiliza. Mmoja alimwomba asiukanyage mstari wa rangi.

Foleni nzima ilimsikia pia, na hakuna aliyemwona kichaa. Wazee wao wangesema yaleyale, na wengine walikuwa wameshayasema asubuhi mlangoni. Kijana aliyekuwa nyuma ya Kitinda, mrefu, shati lake limenyooshwa vizuri, alisubiri kidogo kwa heshima ili aone kama binti atarudi. Alipoona hatarudi, alipiga hatua moja mbele, na wa nyuma yake naye akasogea, na wote wakasogea mpaka kule konani.

"Asante sana, mama," kijana alimwambia, kwa dhati kabisa.

Geti likafunguliwa, akaitwa ndani.